Ukanda wa Balo na Jicho Lako la Kulia

Sifa mwanangu,

Wewe na baba yako mmeshuka Makobola kumuaga bibi yako, na ninavyomjua bibi, hatawaacha mrudi kabla hajawalisha mara mbili. Kwa hiyo nina mchana mzima peke yangu. Nimeketi kwenye cherehani yako, maana ndiyo meza pekee humu ndani isiyo na mzigo juu yake. Sanduku lako liko mlangoni, nimelifungua mara tatu kuangalia kama nimeweka kila kitu, na kila mara nimeongeza kitu. Utakapolibeba kesho usinilaumu.

Sitakuandikia habari za sabuni, wala za baridi ya Bukavu, wala za wanaume. Sabuni unaijua, baridi utaijua siku ya kwanza, na habari za wanaume shangazi yako alikueleza juzi kwa urefu hata mimi mwenye umri huu nikatoka nje kwa aibu. Nina neno moja tu. Limenikaa kooni miaka tisa, tangu ulipokuwa na miaka kumi na mmoja, nalo linahusu jicho lako la kulia. Unadhani unajua jinsi lilivyoumia. Hujui yote, na kutojua kwako ni kosa langu.

Usishtuke. Jicho ni zima, na leo ninaandika nikiwa na moyo mwepesi kuliko siku nyingi. Mwezi uliopita tulipokwenda kwa daktari wa macho alipime kabla ya safari, alikusomesha zile herufi mpaka mstari mdogo kabisa, na kwa miwani yako ukasoma zote ila mbili. Nilitaka kumkumbatia yule daktari mbele ya wagonjwa wake. Kisha akakuuliza ilikuwaje ukaumia, nawe ukacheka ukamjibu, "Ilikuwa kosa yangu, Docteur. Niliachia ukanda." Nilikuwa nimekaa pale pembeni na mkoba wangu magotini. Nilisikia, na sikufungua kinywa.

Wiki ile ile yule mama wa atelier ya kushona ya Bukavu, unakokwenda kufanya kazi, alikupigia simu akauliza kama unaweza pia kukata vitambaa vya wateja. Ulimwambia unashona tu, hukati. Ulipoweka simu chini nilikuuliza kwa nini, maana nimekuona ukikata, na mkono wako ni mnyoofu. Ukasema, "Mama, mukono yangu iko naniangusha saa ya maana. Weye unajua." Hapo ndipo nilipojua kwamba siwezi kukupandisha gari ukiwa na jambo lile begani. Basi nisikilize.

Unakumbuka nilivyokuwa nauza mitumba sokoni wakati ule. Kila mara niliponunua balo la nguo nilikuwa nanunua kitu nisichokiona. Limefungwa kule lilikotoka, limebanwa kwa mikanda mitatu ya chuma, na hujui kama ndani kuna magauni mazuri au makoti mazito ya theluji ambayo Uvira hayana mwenyewe. Ndiyo maana sisi wauzaji tuna imani zetu. Mmoja hafungui balo siku aliyogombana na mumewe. Mwingine anataka wa kwanza kulishika awe mjamzito. Mimi imani yangu ilikuwa wewe. Mara ya kwanza uliposhika ukanda nikiukata, ulikuwa na miaka tisa, na balo lile lilikuwa la nguo za watoto, safi, hata moja haikubaki mpaka jioni. Mara ya pili vile vile. Basi nikaamua kwamba mkono wako una baraka, nikautangaza soko zima, na tangu hapo hakuna balo langu lililofunguliwa bila wewe kushika ukanda. Makoti ya theluji yaliendelea kuja, lakini nilikuwa nasema bila wewe yangekuja mengi zaidi.

Tulikuwa na utaratibu wetu. Ulikuwa unashika ukanda kwa kiganja, karibu na mahali pa kukata, ili ncha isiruke. Kisha unageuza uso upande wa pili. Kisha unasema, "Kata." Ndipo mimi nabana mkasi wa bati. Nilikufundisha mwenyewe, kwa mpango huo huo, na hata siku moja hukuuruka.

Siku ile wanawake walikuwa wengi kuliko kawaida. Neno lilikuwa limesambaa kwamba balo langu ni la magauni, na kila mmoja alitaka mkono wake uingie kwanza, maana unajua mwenyewe, anayechagua wa tatu anachagua masalia. Mikanda miwili ya kwanza ilikatika vizuri. Ulibaki wa tatu, ambao ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu balo zima linakuwa limeegemea ukanda mmoja. Nao walikuwa wanapiga kelele: "Mama Sifa, kata basi! Tuzeekee hapa?" Wakacheka, nami nikacheka. Nilikuwa naona sifa, mwanangu. Nilikuwa napenda kuitwa hivyo, kungojewa hivyo.

Ulishika. Hilo ninaliapa. Uliweka kiganja chako cha kushoto pale pale nilipokuonyesha. Lakini uso wako ulikuwa bado mbele, ndiyo kwanza unaanza kuugeuza, na hukuwa umesema neno. Mimi nikakata.

Ncha ya ukanda ilipita ndani ya kiganja chako kama kamba ya ng'ombe aliyekurupuka, ikaruka, ikapiga uso wako. Ulisema "Aï!" mara moja tu. Hukulia. Uliinama ukashika jicho la kulia, na nilipokuondoa mkono niliona kiganja kina damu, lakini jichoni hakukuwa na damu hata tone. Nikashukuru Mungu kwa sauti. Hilo ndilo kosa langu la kwanza la akili, na nimekutana na watu wengi wenye kosa hilo hilo: tunadhani jicho lililoumia sana ni lile lenye damu. Jicho linaweza kuwa jekundu lote kwa kupigwa kidogo, likapona lenyewe. Na linaweza kupasuka na kubaki jeupe.

Uliniambia, "Mama, maji iko inatoka. Iko ya moto." Nilidhani ni machozi. Sasa najua machozi hayatoki mara moja kwa kububujika, kwa jicho moja, yakawa ya moto hivyo shavuni. Yalikuwa maji ya ndani ya jicho lako. Nikatazama, nikaona karibu na mpaka wa weusi na weupe kuna kitu cheusi kidogo, kama punje ya ulezi iliyoungua. Nikasema ni uchafu umeruka na ukanda. Nikachukua ncha ya kitenge changu, nikailamba ilainike, nikapangusa.

Hakikutoka. Ulirudi nyuma ukakaza meno. Nikapangusa tena.

Sifa, kwa miaka tisa mkono wangu umekuwa unakumbuka ule mpanguso wa pili. Mahali hapa nimeweka kalamu chini, nimekwenda kunywa maji, nimerudi.

Niliposhindwa kukitoa nilikufunga leso, nikakukalisha nyuma ya meza juu ya mfuko mtupu, nikakuambia upumzike. Kisha nikageuka nikauza. Balo lilikuwa limeshafunguka, mikono imeshaingia, na muuzaji akiliacha balo saa ile hakuti kitu akirudi. Hicho ndicho kisingizio changu, nami nilikiamini wakati ule. Niliuza mpaka jua likawa utosini. Mara moja moja nilikuwa nageuka nakuuliza, "Unasikia je?" nawe unajibu, "Niko sawa, Mama." Ulikuwa mtoto wa kumfariji mama yake, na hilo halijakutoka, ndilo linaloniogopesha zaidi kwa maisha ya Bukavu. Ukiumwa huko, usiwe sawa. Sema unaumwa.

Soko lilipopungua ndipo nilipomwita Koko Nyota, yule bibi wa mafuta ya mawese. Ulimjua, Mungu amrehemu. Watu walikuwa wanamletea watoto kutoka mbali, hata Mutarule. Mtoto akiingiwa na kapi la mpunga au mchanga jichoni, Koko Nyota anamlaza mapajani, anafungua jicho kwa vidole viwili, anapitisha ulimi, na uchafu anautema. Akishindwa anaita mama anayenyonyesha akamulie maziwa mle ndani. Alikuwa na msemo wake, "Ulimi hauna kucha." Alikuja taratibu na fimbo yake, akaketi, akakulaza mapajani, akakufungua leso. "Tulia, mujukuu. Minye nitaitosha sasa hivi." Alikuwa ameshainama. Nilikuwa nimekushika miguu usirushe.

Mama Riziki ndiye aliyetuokoa, na alikuwa hapo kwa bahati tu. Alikuwa infirmière, muuguzi wa kituo cha afya, alikuja kwa kuchelewa kutafuta vijisketi vya shule katika masalia ya balo letu. Alisimama na sketi moja mkononi, akachungulia, akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mzima.

"Koko, simama hapo! Usimuguse!"

Koko Nyota alikasirika. "Weye ni nani wa kunikataza? Minye natosha buchafu tangu mama yako hajaolewa."

"Hiyo haiko buchafu, Koko. Hiyo nyeusi ni nyama ya ndani ya jicho yake, iko nachungulia inje. Jicho imepasuka. Muone mboni yake, haiko duara."

Akanishika shingo kabisa akaniinamisha nitazame. Ilikuwa kweli. Mboni ya jicho la kushoto ilikuwa duara. Ya kulia ilikuwa imevutwa upande, imechongoka, kama tone la mafuta linalotaka kudondoka, na ile ncha ilielekea moja kwa moja kwenye kile kidoa nilichokuwa napangusa. Tangu asubuhi ilikuwa wazi hapo mbele yangu. Ningelinganisha macho mawili mara moja tu, hata mimi nisiyesoma udaktari ningeona.

Mama Riziki akauliza, "Nani alipanguza hii jicho?"

Nikasema, "Hakuna."

"Na ilikuwa je?"

Wanawake waliobaki walikuwa wametuzunguka, wale wale waliokuwa wanapiga kelele. Nikasema, "Mutoto aliachia ukanda."

Ni maneno matatu. Yalitoka mepesi kabisa. Hata sikuyafikiri, yalikuja tu mdomoni kama mtu anavyoinua mkono kujikinga. Na wewe ulikuwa umelala pale mapajani kwa Koko Nyota, ukiwa na jicho moja wazi, ukayasikia. Uliniangalia. Nilitazama pembeni.

Mama Riziki hakuwa na muda wa kunichunguza. Hakukuosha jicho hata kwa maji safi. Hakutia dawa yoyote, na kijana wa pharmacie aliyekuja mbio na chupa yake ya matone alifukuzwa kwa matusi. Alichukua kikombe cha plastiki cha yule mama wa chai, akakisafisha, akaomba mkasi. Nikampa mkasi wa bati, ule ule. Akakata kitako cha kikombe, akalainisha ukingo kwa sparadra, ile plasta ya kubandika vidonda, akakiweka juu ya jicho lako kwa namna ambayo kilikaa kwenye mfupa wa nyusi na mfupa wa shavu, bila kugusa jicho wala kope. "Hapa hata nzi asikanyage," akasema. Pamba na leso alikataa, kwa sababu vinakandamiza, na jicho lililotoboka likikandamizwa linamimina kilichobaki. Alinikataza kukupa chakula na maji, kwa kuwa ulikuwa unakwenda kulazwa usingizi wa dawa. Alikuchoma sindano ya tetanosi, yaani pepopunda, kituoni, kwa sababu ya chuma. Akaandika barua ya kukuhamisha, akampigia mwenzake Bujumbura, maana siku zile daktari wa kushona macho aliyekuwa karibu alikuwa ng'ambo ile ya mpaka.

Alikataa pikipiki. Tulipanda teksi, wewe umeegemea kifua changu, kichwa juu, na dereva anaambiwa kila shimo apite kama amebeba mayai. Pale mpakani Kavimvira walitaka kutupanga mstari. Mama Riziki alishuka peke yake, sijui aliwaambia nini, tukapita. Njiani uliniuliza mara moja tu, "Mama, balo ilikuwa ya muzuri?" Nikasema ilikuwa nzuri. Ukasema, "Basi."

Yule daktari alikuwa Mrundi mrefu, mpole, mwenye mikono midogo kama ya msichana. Alikutazama kwa taa yake, hakukubana jicho hata kidogo. Kisha alinichorea kwenye karatasi. Jicho, alisema, lina kioo mbele yake, kisafi, hakina mshipa wa damu hata mmoja, ndiyo sababu kinaweza kupasuka bila kutoa damu. Ukanda ulikuwa umepasua kioo hicho, urefu wa punje ya mchele. Maji ya ndani yakatoka, na yalipotoka yakaburuta lile pazia la rangi linalozunguka mboni, likaja likaziba tundu kama kizibo. "Hicho mlichokiona cheusi ndicho kilichookoa jicho, mama. Kingetoka, jicho lingejimwaga. Na ulimi wa mtu ungeingiza wadudu ndani, wangelila jicho kwa siku mbili." Aliuliza kama kuna mtu alikigusa. Safari hii nilisema kweli. Nilimwambia nilipangusa mara mbili. Hakunigombeza. Alitikisa kichwa akasema, "Karibu wote hupangusa."

Alikushona kwa uzi ambao alinionyesha baadaye, na mimi ninayeshughulika na nguo maisha yangu yote sikuuona mpaka aliponyanyua kuelekea dirishani. Ni mwembamba kuliko unywele wako. Alirudisha lile pazia mahali pake, akashona mishono mitano. Lenzi ya nyuma haikuguswa, alisema, na hilo aliliita zawadi. Kisha zilifuata siku za matone kila saa, kile kikombe usiku ili usijikune usingizini, kutoinama, kutobeba ndoo, kutocheka sana, ambalo kwako lilikuwa gumu kuliko sindano. Daktari alikuwa anakuja kila asubuhi kutazama kama usaha umeingia. Siku ya nne alisema hauingii tena. Niliketi chini pale pale kwenye korido. Sikumbuki kuketi, nakumbuka tu mtu ananiuliza kama naumwa, nami nasema hapana, ni furaha.

Lakini siku hiyo hiyo kuna jambo lilitokea ambalo hukulisikia, ulikuwa umelala. Alikuwa anabadilisha bandeji ya kiganja chako cha kushoto. Lile jeraha lilikuwa limepita toka chini ya kidole cha shahada mpaka kwenye kifundo cha mkono, refu, lililonyooka. Alilitazama muda mrefu. Kwenye barua ya Mama Riziki ilikuwa imeandikwa kwamba mtoto aliachia. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, anayeachia hakatwi hapa. Huyu alishika mpaka chuma kikaisha mkononi mwake."

Niliinama nikakufunika shuka. Naye hakuniuliza tena.

Nilikuwa na nafasi ngapi za kusema, Sifa? Baba yako aliporudi na mashua kutoka Kalemie, nilimwambia yale yale, na kwa uchungu wake alikugombeza, "Juu ya nini haukushika nguvu?" Wewe ukainama na kikombe chako usoni, mimi nikiwa napepeta mchele. Uliponiuliza, umepata miaka kumi na mitatu, lile kovu la kiganja ni la nini kama uliachia, nilikuambia ulijaribu kuudaka ukanda tena ukiwa unaruka. Nilitunga papo hapo. Nawe ukaniamini, kwa sababu mtoto anamwamini mama yake kabla hajaamini mkono wake mwenyewe.

Furaha zilikuwepo, na nyingi, lakini kila moja nilikuwa naila na mfupa ndani. Baada ya miezi kadhaa mishono ilitolewa, ukapewa miwani, na ukabaki na kile kistari cheupe na mboni yenye ncha kidogo. Watoto wa mtaa walikuita Jicho la Paka, nawe ukawaambia paka anaona hata gizani. Halafu ile asubuhi, nilikuwa nahangaika kutia uzi kwenye sindano nishone blauzi, ukaninyang'anya. Ulifumba jicho la kushoto kwa makusudi. Ulijaribu mara nne kwa jicho la kulia. Mara ya nne uzi ukapita tunduni, ukanirudishia sindano bila kusema kitu, kama mtu aliyefanya kazi ndogo. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia mpaka jirani akadhani tumefiwa. Siku ile ndiyo iliyokufanya fundi, mimi najua.

Jana nilimwambia baba yako kila kitu. Nilianza kueleza, kwamba wanawake walikuwa wananisukuma, kwamba niliogopa. Akanikatiza. "Usiniambie minye. Ambia mwenye jicho." Kisha akatoka akakaa na mashua zake. Aliporudi alisema yeye naye ana deni la maneno kwako, na nadhani ndiyo maana leo amekubali kwenda nawe Makobola, yeye asiyependa barabara ile. Huenda ameshakuambia yake. Hii ni yangu.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie vizuri, nina mgongo mpana. Lakini usiende kuwaambia watu wa Bukavu kwamba mkono wako unaangusha.

Na kwa kuwa unakwenda kuishi kati ya sindano zinazovunjika na mikasi, na mabinti wenye haraka kama mama yako alivyokuwa, najua siku moja mtu atashika jicho lake mbele yako. Ikiwa ni vumbi, aoshe kwa maji safi, mtacheka. Lakini ikiwa ni kitu kilichoruka kwa nguvu, au kilichokata, mtazame macho yote mawili kwanza kabla hujafanya kitu. Ukiona mboni si duara, au anasema maji ya moto yametoka, au anaona ukungu, au kuna kidoa cheusi kisichotoka mahali pake, mikono yako iweke mgongoni. Kitu kikiwa kimechoma humo, kiache humo. Wewe tafuta kikombe, na umpeleke siku hiyo hiyo. Na atakapouliza mtu ilikuwaje, aliyekosea aseme yeye.

Chini kabisa ya sanduku, ndani ya soksi, nimeweka kile kitako cha kikombe. Nilikificha miaka yote kwa sababu sikuweza kukitupa wala kukitazama. Sparadra imekuwa njano. Kichukue.

Ukimaliza kusoma fungua kiganja cha kushoto. Angalia lile kovu linavyokwenda, moja kwa moja, bila kukatika. Hukuachia, Sifa. Ulishika ukanda kuliko mtu yeyote ambaye angeshika. Mimi ndiye niliyekata, na wewe hukuwa umesema "kata."

Kesho pale kwenye gari la Bukavu la kupitia Kamanyola watapiga honi, konda ataita, abiria watanipigia kelele niharakishe kama wale wanawake. Waache wapige. Nitaushika mkono wako huo wa kushoto, na safari hii nitangoja. Nitauachia utakaposema wewe.

Mama yako